Kutodhuru, Alivyotufundisha Mwalimu wa Yoga

Mimi ni fundi wa nguo pale Nchiru. Kuinamia cherehani miaka yote hii kuliniharibu mgongo, na dawa za kuchua hazikufua dafu. Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyenipeleka kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako Jumamosi asubuhi mwanamke mmoja aliyesomea India alifundisha yoga. Alikuwa mzaliwa wa Meru hapa hapa, mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, na sote alituita wapendwa.

Pasta wetu alipopata habari alinikemea mbele ya kina mama wa kanisa. "Huko ni kuabudu mashetani," alisema. Nilimwambia mimi natafuta tu kulala bila maumivu. Tangu hapo kina mama wale wakawa wananisalimu kwa ncha za vidole.

Sikuacha. Mgongo ulikuwa umepata nafuu, lakini kilichonishika zaidi ni maneno. Mwalimu alisema kujinyoosha ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni namna unavyoishi na watu. Usidhuru kiumbe. Sema kweli. Usichukue kisicho chako. Ridhika. Niliyatia moyoni kabisa. Nikaacha hata ule uongo wetu mafundi wa "njoo kesho itakuwa tayari", na wateja kadhaa wakanihama, wakaenda kwa fundi anayedanganya vizuri.

Kisha mdogo wangu akaja. Tumezaliwa Kibugu, kwenye mashamba ya majani chai, lakini yeye aliolewa Kangeta na mfanyabiashara wa miraa. Aliingia kwangu jicho moja limevimba hadi likafumba, na shingoni ana alama za vidole vya mumewe. Nilianza kwa kumpeleka kwa pasta. Pasta alimwombea, halafu akamwambia arudi avumilie, maana ndoa ni msalaba.

Nikatoka pale nikijisemea, basi nimpeleke kwa wale wanaojua maana ya kutodhuru.

Jumamosi hiyo, baada ya mazoezi ya kupumua, mwalimu alituomba kila mmoja ataje mzigo alionao. Mdogo wangu alisema wake wote, bila kulia. Mwalimu alimsikiliza huku anatabasamu, macho ameyafumba.

"Mpendwa," akasema, "hasira uliyoibeba inakudhuru kuliko ngumi zake. Kutodhuru kunaanzia ndani. Mtumie upendo huko aliko. Pengine ni deni la maisha yaliyopita mnalolipana."

Mdogo wangu akainamisha kichwa, vile vile alivyokiinamisha kwa pasta. Nikasimama.

"Mwalimu, shingo hiyo imedhuriwa na nani?"

"Mama, tafadhali keti. Unatuletea ukali hapa."

"Ulitufundisha kusema kweli. Yeye ameisema, na wewe unamnyamazisha."

"Sijasema anyamaze. Nimesema aachilie."

"Aachilie nini? Koo lake ndilo lililokuwa mkononi mwa mtu!"

Niliwatazama wenzangu. Wengine walikuwa wahadhiri, watu wa kusoma. Kila mmoja alikuwa ameshika kona ya mkeka wake kana kwamba inataka kupeperuka. Mwalimu aligonga kengele yake ndogo, akawaambia wafumbe macho na kuvuta pumzi. Nao wakafumba. Mtu alikuwa ameketi katikati yao jicho limefumbwa kwa ngumi, na wao wakafumba yao kwa hiari.

Nilimshika mdogo wangu mkono tukashuka ngazi.

"Dada," akaniambia tulipofika barabarani, "kumbe hata huku ni yale yale tu."

Tulikwenda hospitali, kisha kituo cha polisi, ambako askari wa kike aliandika maelezo yake bila kumpa mawaidha yoyote. Siku hizi mdogo wangu anachuma majani chai Kibugu. Mumewe alifika huko na wajomba zake kumdai. Mama yetu aliwakaribisha chai, wakanywa, kisha akawaambia mtoto wake hatoki, na wakitaka kupiga kelele wakapige mbele ya hakimu. Kesi bado inasogezwa mbele kila inapotajwa.

Mwalimu naye alinitumia ujumbe kwamba ananiombea nuru na amenisamehe. Amenisamehe mimi!

Mazoezi bado nafanya, alfajiri, peke yangu, kati ya cherehani na ukuta. Yale mafundisho pia sijayatupa. Hayakunikosea kitu.

Juzi mwalimu aliingia dukani na kitambaa, anataka nimshonee suruali za mazoezi.

"Mama, tuko sawa?" akauliza kwa sauti ile ile.

"Hatuko sawa," nikamwambia. "Na hicho kitambaa sitakishona."

Alikunja mikono kifuani, akainama kidogo, akatoka. Nikarudisha mguu kwenye pedali ya cherehani, nikaendelea kushona.