Viti Nilivyowachagulia Bibi na Baba

Kuna siku moja naikumbuka, Mwanangu, na nataka uijue kabla hujamchagulia mtu yeyote mahali pa kukaa. Usicheke kwamba nakuita Mwanangu. Niko Form Four hapa Musoma, sijaolewa, na kwa haya zangu hizi sijui hata kama nitaolewa. Ila mambo mengine nisipoyaandika sasa, nitasahau yalivyouma. Kwa hiyo nakuandikia wewe utakayekuja.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Buswahili, kule Butiama. Alikuwaga anasikiliza mpira redioni huku anapukuchua mahindi, na refa akikosea anamgombeza kama vile yuko pale uani. Halafu daktari akamwambia presha ya macho imeshakula jicho moja, na la pili linafuata. Bibi akasema, "Basi kabla halijafuata, niione timu ya taifa kwa macho. Masikio nimeyatumia vya kutosha."

Mashindano ya Afrika yalipokuja Dar, mjomba anayeishi huko akajitolea kutukatia tiketi: bibi, baba na mimi.

Hapa lazima nikueleze jambo. Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wala hawakai benchi moja. Bibi akija kwetu Iringo, hapa mjini, hulala kwa jirani, na mazungumzo yao hupita kwangu.

"Nyangeta," bibi anaita akiwa nje, nyuma ya ukuta, "muulize baba yako kama kikohozi kimepona."

"Mwambie mama kimepona," baba anajibu kutoka ndani.

"Mwambie nimefurahi."

Na mimi hapo sijafungua mdomo hata kidogo! Mama yangu alikuwaga anacheka mpaka anashika mbavu.

Mama alifariki kabla ya safari hiyo. Siku ya mazishi bibi alilia upande mmoja wa boma na baba upande mwingine, nikawa nakwenda huku na huku kama mtu asiye na kwao. Toka hapo nilitamani kitu kimoja tu, niwaone wamekaa pamoja, hata mara moja.

Mjomba akapiga simu. "Chagueni wenyewe. Tiketi ya mzunguko unakaa popote unapotaka. Kuna na jukwaa la viti vya namba, kule unaona vizuri zaidi." Baba akanipa simu. "Wewe ndo msomi, chagua." Nikaiangalia picha ya viti aliyotutumia mjomba, nikagusa vitatu vya mstari mmoja, vilivyoshikana. Cha bibi, cha baba, halafu changu mwishoni. Sikusahau mila, Mwanangu, nisikudanganye. Nilijiambia jogoo wa shamba hawiki mjini, na mila nazo hivyohivyo. Katikati ya umati ule, nani angemjua mkwe wa nani? Baba aliponiuliza tumekaaje, nikasema tumekaa vizuri.

Ndani ya basi hakukuwa na shida. Bibi alikaa mbele, baba akaenda nyuma kabisa. Hata hilo halikunifundisha kitu.

Uwanjani tulipofika kwenye mstari wetu, bibi akasoma namba kwa jicho lake moja, akaona baba amesimama kwenye namba inayofuata. Akajifunika uso kwa khanga. Baba akanigeukia, akasema polepole, "Nyangeta, umefanya nini?" Hata ningehamia katikati, mstari ulikuwa uleule mmoja, kwa hiyo akamwomba kijana wa mstari wa mbele wabadilishane.

"Mzee, kila mtu na namba yake. Kiti kizuri hivyo unakimbia nini?"

"Mama, kaa chini!" wengine wakapiga kelele nyuma. "Tumelipa tuone mpira, siyo mgongo wako!"

Baba akapanda ngazi akaondoka ili bibi akae. Kumbe bibi naye ameshashuka ngazi za upande wa pili ili baba akae. Nikabaki mimi na viti viwili vitupu.

Nilimkuta bibi chini ya jukwaa, karibu na wauza maji, ameegemea ukuta. Nikamwambia baba ameondoka, arudi akae.

"Nikalie kiti nilichomfukuzia mkwe wangu? Hapana."

"Bibi, si mpira uliutaka wewe?"

"Niliutaka."

Juu yetu watu walilipuka kwa shangwe, zege likatetemeka. Bibi akainua uso kuelekea ule mlio, kama afanyavyo kwenye redio. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nilitaka tu wakae pamoja, kwa ajili ya mama.

Hakunikaripia. Heri angenikaripia.

"Mjukuu wangu, baba yako ni mkwe wangu kwa sababu ya binti yangu. Sasa binti hayupo. Nilichobaki nacho ni kumwachia njia yule mwanamume, na yeye kuniachia. Kila tukikwepana, mama yako yupo katikati. Siku nikikaa naye benchi moja kama mtu na mtu, nimesema sikuwahi kuzaa. Wewe uliona tunakimbiana. Sisi tulikuwa tunalia."

Mpira ukaisha. Baba tulimkuta nje getini, amesimama juani, na yeye hajaona kitu. Mpaka leo hajaniuliza tena. Jicho la pili la bibi lilifuata kama daktari alivyosema, hata kabla ya kuvuna, na timu ya taifa hakuiona.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Mimi haya zangu zilinifanya nisiulize, na huruma yangu ikanifanya nijione najua. Usimpange mtu mzima kwa jinsi moyo wako unavyotamani, hata kama moyo wako ni mzuri. Ukiona wakubwa wanafanya jambo usilolielewa, usilivunje kwanza halafu ndo uulize maana yake. Na ukipewa nafasi ya kuwachagulia wengine, nenda ukawaulize mmoja mmoja, hata kama sauti inatetemeka. Mtu hapewi macho mengine kwa sababu wewe umejuta.

Mungu akukuze, Mwanangu. Akupe wazee, akupe na mdomo wa kuwauliza wakiwa bado wanaona. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, akupe mtu wa kukuambia ukweli taratibu, kama nilivyoambiwa mimi. Amina.