Raba Zilizotazama Mlango

Fundi alikuwa mvivu wa kutembea, na wala hakuficha. Mtu anayeshinda amekalia kigoda cha cherehani, anakanyaga kanyagio mpaka wateja waishe, alikuwa akiuliza, mguu wake unatafutiwa mazoezi gani tena? Magoti nayo yalishagoma zamani. Sindano ikianguka, aliiokota kwa sumaku aliyoifunga kwenye kijiti, maana kuchuchumaa kwake kulibaki hadithi. Hata mumewe alimwita Fundi, kama wateja, naye alimwita mumewe Afande, kwa kuwa mzee yule alilinda mlango wa benki maisha yake yote na hakuwahi kuchelewa zamu.

Kisha daktari akamwambia bila kupepesa macho kwamba sukari imeanza kumtia ganzi miguuni. Atembee kila siku, haraka haraka, jasho limtoke, la sivyo mguu utakuja kukatwa. Afande alikuwepo, akasikiliza. Walipofika nyumbani alizichukua raba za mkewe, akachuchumaa, akazifuta vumbi kwa kiganja, akazipanga mlangoni pua zikitazama nje. Ikawa ndiyo amri ya nyumba. Kila Fundi akiamka anakuta raba zimegeuzwa, na hapo hakuna mjadala. Alinung'unika njia nzima, akimwita mumewe mtesaji, na mzee alitembea upande wa magari, kimya, amemshika kiwiko. Sukari ikashuka.

Afande akafa. Homa ya siku chache tu, akaondoka kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Baada ya msiba Fundi alizisukumia raba uvunguni, akarudi kwenye cherehani. Binti yake, aliyebaki kumliwaza, alimbembeleza mpaka akachoka. Leo mvua, leo kuna sare za watu, leo kichwa kinagonga. Ukweli ni kwamba alikuwa na uchungu, na uvivu ukapata pa kujificha. Ganzi nayo ikarudi. Jioni moja alipovua kandambili alikuta pini imezama kwenye kisigino, na hakujua imekaa humo tangu lini. Alilia kwa hofu, maana mguu ule ndio uliomlisha.

Kesho yake raba zilikuwa mlangoni, zinatazama nje.

Alimwita binti, akamwonya asichezee mambo ya marehemu. Binti akaapa kwamba hakuzigusa. Fundi akajua anadanganywa kwa nia njema, akavaa, akatoka, ili yaishe. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka binti akarudi kwa mumewe. Asubuhi ya kwanza ya upweke, mlango ukiwa na komeo kwa ndani kama alivyoufunga mwenyewe, Fundi alizikuta raba pale pale. Akapitisha kidole juu yake. Jana alipita kwenye vumbi tupu, na sasa hapakuwa na chembe.

Nywele zikamsimama. Msije mkadhani alitoka siku hiyo kwa kupenda afya. Alitoka kwa sababu chumba hakikukalika. Alikwenda mbio mbio mpaka muuza magazeti wa kona akamtania, anafukuzwa na nani asubuhi yote hii? Jioni akajitia ujanja. Alizizika raba chini kabisa ya kapu la vipande vya nguo, akalifunika kwa ubao wa kukatia, juu ya ubao akaweka pasi ya mkaa. Kulipokucha pasi ilikuwa mahali pake, ubao mahali pake, na raba zilikuwa mlangoni. Kwenye kamba ya raba moja kulining'inia kiuzi chekundu.

Basi akawa anatembea, mvua au jua, kwa woga mtupu. Vidole vya miguu vikaanza kuhisi ubaridi wa sakafu. Kliniki, daktari alimsifu, akamuuliza anapata wapi moyo wa kutokosa hata siku moja, maana wengi huanza kwa mbwembwe wakaishia njiani. Fundi alizitazama raba zake, akajibu kwamba ana mtu wa kumwamsha.

Lakini usingizi ulimwisha. Mwishowe alimwita binti aje alale kwenye mkeka karibu na mlango, aone kwa macho yake. Asubuhi binti alichemsha chai, akampa mama yake kikombe, akabaki na chake mkononi.

"Mama, ni wewe," alisema. "Umeamka alfajiri, umezitoa uvunguni, umezigeuza, ukarudi kulala. Nimekuita hukuitika."

Fundi alicheka mpaka machozi. Muda wote huo anajikimbia mwenyewe! Akajiita mjinga mara mbili tatu.

"Ila sikujua kama magoti yamepona," binti akaendelea. "Ulichuchumaa mpaka chini, ukazifuta kwa kiganja, ukasimama bila kushika kitu."

Kicheko kikakatika. Fundi aliweka kikombe, akashika ukingo wa meza, akajaribu. Alifika nusu, goti likalia, likagoma.

"Na uso?" Fundi aliuliza. "Uso ulikuwa wangu?"

Binti alijifunga vizuri kanga mabegani. "Mama, sikutaka kuuangalia."

Chai ikapoa. Fundi alipandisha mguu kwenye kigoda, akafunga kamba, kisha mguu wa pili. Aliogopa, aliogopa sana, lakini alikuwa amemkumbuka mumewe kuliko alivyomwogopa. Binti alipotaka kumsindikiza alimwambia akae, anywe chai yake, njia anaijua.

Nje alishika upande wa ndani, akauacha upande wa magari wazi. Akaanza kunung'unika kwa sauti, kama zamani, kwamba kuna watu hata wakifa hawaachi kutesa wenzao. Kiwiko kilikuwa na joto. Kwenye kona, muuza magazeti aliwaona wanakuja, akawaamkia, akasogeza meza yake ndani ili wapite wote wawili.