Sauti Yangu Ilibaki Kazini

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyumbani kwetu Mabanga, mjini Goma, namnyonyesha mtoto wa wiki mbili, nikajisikia nikiongea kwenye radio ya jirani. "Goma iko salama asubuhi ya leo, wapenzi wasikilizaji. Tembeeni bila wasiwasi." Wakati huohuo mabomu yalikuwa yanalia upande wa Kibumba na mabati ya nyumba yetu yanatetemeka. Mume wangu alinitazama, akatazama ukuta wa jirani.

Kisha simu ikaingiza ujumbe wa dada yangu aliyeko Kiwanja. "Mama ametoka na pikipiki saa moja. Amekusikia kwenye radio. Anasema utaendaje kazini na mutoto wa wiki mbili, nani anamubeba? Anakuja kumulea. Tulimukataza, akasema njia ni nzuri, umesema mwenyewe."

Nilipiga simu ya mama, haikupatikana. Nikapiga ya dada, nikakuta mtandao umekwisha kukatika. Ilikuwa karibu saa mbili, na barabara inayotoka Kiwanja kuja Goma haina njia nyingine, lazima ipite Kibumba.

Inabidi nieleze jinsi sauti ya mtu inavyoweza kubaki kazini wakati mwenyewe yuko kitandani na uchungu wa uzazi. Nilipoanza kwenye radio yetu, ilikuwa nyumba ya mbao ya vyumba viwili pale Murara, na antena tuliyoisimamisha kwa mabomba ya maji. Hakuna kilichorekodiwa. Asubuhi tulisoma matangazo: aliyefariki na kilio kiko wapi, mbuzi aliyepotea, mtu aliyeangusha kadi yake ya uchaguzi sokoni. Jioni zilikuwa salamu. Risasi zikisikika tulizima mitambo na kukimbia kama kila mtu, na watu wakajifunza wenyewe, bila kufundishwa, kwamba radio ikinyamaza mtu asitembee. Mama yangu, anayeuza maharagwe sokoni Kiwanja, hakuweka gunia lake chini kabla ya kusikia sauti yangu. Alikuwa na karadio kadogo anakokafunga ndani ya kitenge, na alituhesabu watangazaji kama mtu anayehesabu kuku wake jioni.

Baadaye ikaja miaka ya miradi ya mashirika ya misaada. Tukaigiza michezo ya kunawa mikono na ya amani, na matangazo ya mbuzi yakasogezwa. Miradi ilipoondoka wakaja wahubiri, wakanunua asubuhi nzima. Mama alisema radio yetu sasa inamgombeza kabla hajanywa chai. Halafu direkta, mkuu wa radio yetu, akaenda safari, akarudi na neno jipya, fomati. Fomati yake ilikuwa muziki, na mtangazaji aseme maneno machache kisha anyamaze. Matangazo ya vifo yalifutwa kwa sababu, kwa maneno yake, yanafukuza vijana. Nilikasirika wiki nzima, nikabaki kazini.

Mwisho kabisa ikaja kompyuta. Ilipanga nyimbo na kuzipiga bila mtu. Mimba yangu ilipokuwa kubwa, direkta aliniomba nirekodi maneno ya mwezi mzima ili wasikilizaji wasijue kwamba sipo. Nilikaa studio mchana mmoja, nikinywa chai, nikasema "Goma iko salama" kwa namna nyingi, nyingine nikicheka katikati. Nilijisikia fundi kweli. Sikumwambia mama, kwa kuwa niliona aibu kumweleza kwamba mtoto wake amegeuzwa kaseti. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na changu kilikuwa kooni mwangu.

Nilimpa mume wangu mtoto, nikajifunga kitenge cha tumbo, nikatoka. Yeye alitaka aende badala yangu, lakini pale radio hawamjui, wangemfukuza getini. Mtu aliyejifungua juzi hapaswi kutembea juu ya mawe ya volkano, na kila hatua ilinikumbusha hivyo. Pikipiki zilikuwa chache, zote zimejaa magodoro ya waliokimbia Kibumba. Kilichonitia hasira zaidi ni kwamba maduka yalikuwa wazi. Watu waliyasikia mabomu, wakaisikia radio, wakaamini radio. Katika kila duka nililopita sauti yangu ilikuwa inawapongeza kwa siku njema.

Nilikuwa nikipiga hesabu kichwani. Mwenye pikipiki akitoka Kiwanja saa moja, hupumzisha injini Rugari, watu wanywe chai. Hapo mama atafungua kitenge chake asikilize. Akinisikia pale, atapanda tena, na baada ya Rugari ni Kibumba.

Getini nilimkuta muzee mlinzi. Alikuwa pale tangu siku ya antena ya mabomba, na kazi yake ilikuwa mbili, kulinda mlango na kutia mafuta kwenye jenereta, ambayo sisi huiita grupu. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu jana yake, kwa hiyo grupu peke yake ndiyo iliyokuwa inaniongelesha.

"Mama, umezaa juzi," alisema. "Unatafuta nini huku?"

"Nifungulie studio, muzee. Ile sauti inamuleta mama yangu kwenye mabomu."

Alishusha macho. "Direkta alivuka mupaka asubuhi. Alisema mutu yeyote asiingie, hata wewe. Alisema radio ikinyamaza, watu wataogopa."

"Acha waogope. Woga ndio unaponesha mutu. Mama yangu iko njiani na haogope kitu, juu ya sauti yangu."

"Niko na watoto sita, mama. Nikikufungulia, kesho siko na kazi."

Nililia, tena si kwa heshima. Nililia nimeshika vyuma vya geti, maziwa yakinilowanisha blauzi, na nyuma ya ukuta mimi mwenyewe nikitangaza wimbo wa wapendanao. Muzee alinisikiliza mimi wawili kwa muda. Halafu akatoa tambara mfukoni, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Walinikataza kufungua mulango," alisema polepole. "Habari ya grupu, hawakuniambia kitu."

Alizunguka nyuma ya nyumba. Grupu ilikohoa mara mbili, ikafa, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha duka la ng'ambo ya barabara likafunga mlango wake wa chuma, likafuata la pili, na mtaa mzima wa Murara ukaanza kufungwa. Wanawake waliita watoto wao ndani. Muzee na mimi tulisimama tukisikiliza, lakini sikujua kama Rugari nao wamesikia kwamba radio imenyamaza.

Sikujua kwa siku nne. Sitazieleza siku hizo. Mtandao uliporudi, simu ya kwanza ilikuwa ya mama, yuko nyumbani kwake Kiwanja, na anagomba.

"Tulikuwa Rugari, nashika chai," alisema. "Radio ikanyamaza. Nikamuambia motari wa pikipiki, mimi siendi. Akanicheka, akaenda na mutu mwingine. Hawajarudi, wote wawili. Na nikasema, asante Mungu, mutoto wangu ameacha hiyo kazi, ameenda kunyonyesha."

Ndipo nilipomweleza habari ya kompyuta.

Muzee alifukuzwa, nami nikaacha kazi kabla hawajaniita. Lakini kompyuta ilipata mafuta mengine na mlinzi mwingine, na maneno yale niliyoyasema nikinywa chai bado yanapigwa. Kila asubuhi mama ananipigia kuuliza kama ni mimi ninayeongea au ni mashine. Nikimjibu kwamba ni mimi, anasema nimufanye mutoto alie kidogo asikie. Namfinya mtoto kidogo, analia, bibi yake anaridhika. Anasema atakuja njia ikiwa nzuri, lakini nani atamwambia kwamba njia ni nzuri? Mtoto sasa anatambaa, na bado bibi yake hajamwogesha hata mara moja.