Keki ya Mtawa Mdogo

Kwa miaka ishirini na sita Ersilia amelinda magofu ya Pompei, na kila siku wageni humsomea swali lile lile kutoka kwenye vijitabu vyao: "Samahani mama, ni kweli watu wa kale waliwawekea chakula miungu wa nyumba?"

"Kweli, mwanangu. Waliulisha ukuta," hujibu, akionyesha kishubaka cha miungu kwenye ukuta wa jiko la kale. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

Akirudi kwake, humwekea kipande cha keki Mtawa Mdogo, yule pepo wa nyumba asiyetajwa kwa sauti. Asubuhi moja alikikuta kizima, akamwita mkwewe aliyeioka.

"Unaona, Nunzia? Hata yeye keki yako imemshinda."