Nilimtaja wifi yangu kuwa marehemu kwenye semina ya wazee, naye amekaa pembeni yangu

Wakuu, habari za humu ndani. Mtakaotaka kunipa shikamoo, nimeshaitikia marahaba, tuendelee.

Mimi ni bibi wa Ngara, upande wa Bugarama. Shule niliishia darasa la nne, mkikuta herufi imekaa vibaya mnivumilie.

Haya yamenitokea mwenyewe. Anayehusika nimemsomea yote kabla sijayaweka hapa, akasema weka. Majina nimeyabadilisha na vijiji nimevichanganya. Kilichotokea sijakigusa.

Iko hivi.

Binti yangu anafundisha shule ya msingi huko Nyamahanga. Ndiye aliyeniandikisha kwenye semina za chuo kikuu kimoja, za wazee tu, unasoma online kwa simu, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Hakuna mtihani wala cheti. Unabonyeza link, unawaona wenzako kwenye vidirisha, mnafundishwa.

Tulianza na presha na sukari. Tukaja mirathi. Nikapenda sana. Mtu umekaa na kanga yako, ungo wa maharage mapajani, unamsikiliza daktari wa chuo kikuu.

Wifi yangu Venansia akawa anakuja kusikiliza kwangu. Nyumba zetu zinatazamana, na bando tunachangia. Yeye hapendi kamera, anakaa pembeni kwenye benchi, anachambua maharage, wakisema cha kuchekesha anacheka chini chini.

Baadaye likaja somo la miaka ya wakimbizi. Mwalimu wetu, Dr. Rehema, binti mdogo tu, akasema vitabu vya mambo yale vimeandikwa na wageni, sasa anataka sisi wenyewe tuseme. Kila kipindi kinarekodiwa, mwisho kitawekwa kwenye ukurasa wa chuo.

Hapo ndipo kichwa kilinivimba.

Wakuu, mimi kusoma sijui sana, ila majina Mungu alinipa. Nikikutana na mtu leo nikaambiwa jina lake na la baba yake, nimeshaweka. Nikawataja wote waliolala kwenye ua wetu wiki ile wakimbizi walipovuka mto wa mpakani, pamoja na watoto wa mgongoni. Dr. Rehema akabaki ameshika mdomo.

Kulikuwa na mzee wa Biharamulo mjini, Mzee Hamadi, familia yao ni wafanyabiashara waliotoka Pwani zamani. Huyo ni mtani hatari. Akanipachika jina la Bibi Daftari. Kila nikiingia anasema jamani kaeni vizuri, daftari limefunguliwa.

Na kulikuwa na Mzee Sospeteri, mstaafu. Huyu miaka ile alikuwa karani, akipita nyumba kwa nyumba kuandika nani mwenyeji nani mgeni. Siku ya kwanza alipotaja jina lake nikamjua. Alifika kwetu. Aliegesha baiskeli kwenye mgomba wa mama mkwe.

Hapo ningekuwa na akili ningefunga mdomo. Mimi nikajisifu, nikamkumbusha mpaka jina la mwenzake aliyebeba kitabu.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, ndipo mtajua kwa nini nilipaswa kuogopa.

Mume wangu, marehemu Ponsiano, alikuwa na dada mmoja tu. Aliolewa Nyamigogo, Biharamulo, bado msichana. Mumewe akaenda kutafuta maisha migodini, hakurudi. Dada akaugua. Ponsiano alipofika na baiskeli, watu wa kule walishamzika.

Aliporudi kutuambia, ndiyo wiki watu wanavuka kutoka ng'ambo. Ua umejaa. Mama mkwe alipokea msiba wake huku anagawa uji.

Katika waliovuka kulikuwa na mwanamke mmoja, peke yake, rika la yule marehemu. Hakuwa na mtu. Wenzake walipoendelea mbele yeye alibaki na homa, kisha akapona, akashika jembe, akalima na sisi misimu miwili. Lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu, akizungumza humshtukii.

Ndipo amri ikaja kwamba wageni wote waende kambini, na makarani wakaanza kupita.

Mzee Sospeteri, wakati ule kijana, akasimama mlangoni. Akaandika baba mkwe, mama mkwe, Ponsiano, mimi, watoto. Akanyoosha kalamu kwa yule mwanamke akauliza na huyu.

Mama mkwe hakumeza hata mate. Akasema, "Huyo ni Venansia wangu. Ameachika Nyamigogo, amerudi nyumbani."

Akaandikwa.

Venansia lilikuwa jina la binti yake aliyekufa.

Tangu siku hiyo yule wa ng'ambo akawa wifi yangu. Na yule aliyelala Nyamigogo hakuliliwa. Hatukukaa matanga, hakunyolewa mtu, maana ukimlilia maiti, aliye jikoni ni nani? Majirani waliomjua yule wa kwanza walijua. Hawakusema, mpaka wengi wao wamekufa.

Huyu wifi yangu akaolewa hapa hapa, akazaa, akazeeka. Kitambulisho cha taifa anacho. Mwanawe mmoja ameajiriwa serikalini. Na wakuu, huku mpakani mnajua wenyewe. Nimewaona watu waliokaa miaka na miaka, mashamba yao wamepanda kahawa, siku moja wanaambiwa panda gari urudi kwenu. Neno moja la jirani linatosha.

Turudi darasani.

Jumamosi ile Dr. Rehema akasema kila mmoja ataje watu wa nyumba yake waliofariki miaka ile, anaandika orodha, itasomwa na kuwekwa kwenye ukurasa. Ikafika zamu yangu.

Kwetu wafu hatuwataji ovyo. Unaanza na aliyezaliwa kwanza, unashuka mpaka mdogo. Ukimruka mmoja umemtukana, na wanaofuata hawapokei. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama mkwe, na hivyo ndivyo nimesali rohoni kila jioni miaka yote hii.

Na wa mwisho kwenye orodha yangu ni mwanangu Aleksi, alikufa kwa kuhara akiwa hajajua kutembea. Nilikuwa nataka kumfikia Aleksi. Nilitaka asikike.

Nikaanza. Baba mkwe Bernado. Shangazi Kandida. Venansia. Mwanangu Aleksi.

Wakuu, ulimi ulipita kwenye njia yake ya kila siku. Sikujua nimesema nini mpaka niliposikia maharage pembeni yamenyamaza.

Dr. Rehema alikuwa anaandika. Akarudia polepole, "Bernado... Kandida... Venansia..." Akainua uso. "Bibi, Venansia si ndiye wifi yako? Yule aliyetupungia mkono wiki iliyopita?"

Kweli wiki iliyopita wifi alipita mbele ya kamera kuchukua maji, wakamsalimia, na Mzee Hamadi akamwambia yeye ni mzuri kuliko mimi.

Nikasema mwalimu, hilo jina lilikuwa la wengi.

Mara kile kidirisha cha Mzee Sospeteri kikawaka. Ametoa mute.

"Nyumba ya mzee Bernado niliiandika mimi," akasema. "Alikuwa na binti mmoja. Venansia. Aliachika Nyamigogo akarudi. Mama yake ndiye alinijibu."

Kumbe na yeye ni daftari.

Niliomba mtandao ukate. Huku kwetu ikinyesha kidogo tu unakata, ikipiga jua unakata. Siku ile simu ilikuwa safi, naiona hata mikunjo ya paji la yule karani. Watu zaidi ya ishirini wananitazama, na juu kwenye skrini kile kidoa chekundu cha kurekodi kinawaka.

Sikuthubutu kugeuza shingo. Kwa pembe ya jicho niliona mikono ya wifi imeshika ungo, haitikisiki.

Nikafikiria kusema walikuwa wawili. Lakini karani ameshasema binti mmoja. Nikafikiria kukata simu. Lakini ukikata umekiri.

Nikasema, "Nimechanganya, mwalimu. Ni uzee."

Mzee Hamadi, Mungu amsamehe, akasema, "Leo daftari limelowa." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ili wacheke zaidi.

Dr. Rehema akasubiri wamalize. Ni binti mwenye adabu. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo bibi, nimtoe?"

Hapo nikageuka kidogo. Wifi alikuwa ananitikisia kichwa. Hapana. Usimtoe.

Nikasema, "Mtoe."

Nikasikia akibonyeza. Akasoma upya: Bernado, Kandida, Aleksi. Akaita wa zamu inayofuata.

Kipindi kilipoisha nilidhani wifi atanishukuru. Alikuwa amenuna.

"Yule ndiye alinipa kila kitu nilicho nacho," akaniambia. "Kama kuna wa kutolewa ni mimi."

"Nikutoe uende wapi, wifi?"

"Sijui. Lakini yeye mmemtoa mara mbili."

Akachukua ungo wake akavuka kwenda kwake. Maharage mengine aliyaacha chini.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, nachungulia dirishani. Jumanne Mzee Sospeteri akapiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Sikupokea. Ya tatu nikaona nitakufa na presha niliyosomeshwa, nikapokea.

Tukasalimiana. Akauliza mvua. Nikajibu mvua. Kisha akaniuliza, "Mama, yule wifi yako amejaliwa wajukuu wangapi?"

Nikasema sita.

"Mungu awakuze," akasema, akakata.

Mpaka leo sijui alijua siku ile ya baiskeli, au alijua Jumamosi, au alikuwa anauliza tu kama watu wanavyouliza. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Jumapili ya wiki iliyofuata nikaenda kanisani kama kawaida. Wifi alikuwa hajazungumza nami tangu ile siku, alikaa benchi la mbele peke yake. Katekista akasimama kusoma nia za misa. Akasoma za watu wawili watatu. Kisha akasoma:

"Kumwombea marehemu Venansia, aliyefariki Nyamigogo. Imeombwa na wajina wake, Venansia."

Watu hawakushtuka. Mtu na wajina wake, kuna ajabu gani? Hata wale wa familia wanaojua waliinamisha vichwa tu.

Jibu hilo la wajina, ambalo mimi nililikosa mbele ya kamera, yeye alikuwa amelipata akilima.

Nilihama benchi nikaenda kukaa naye. Nikamlilia yule wifi wa kwanza kwa sauti, mbele ya kanisa zima, kwa miaka yote ile. Huyu wa pili akanishika mgongo. Jioni yake tulinyoana nywele, mimi na yeye, uani.

Nilichojifunza ni hiki. Semina hizi ni nzuri, wazee wenzangu jiandikisheni, msikae mnahesabu nzi. Ila ukiombwa kukumbuka, kabla hujafungua mdomo tazama kwanza nani bado yuko hai ndani ya kumbukumbu yako. Kujisifu kwangu kungefukuza watu nyumbani kwao.

Nina ombi kwenu mnaojua mitandao. Ile video bado haijawekwa kwenye ukurasa. Mtu anaweza kuomba kipande chake kikatwe? Anaandika barua au anapiga simu? Sitaki kumdanganya tena Dr. Rehema, binti yule ananipenda. Lakini sitaki pia kumwambia kisa.

Na ninyi mngekuwa mimi, mngesema nini alipouliza "nimtoe"? Semeni ukweli, sitakasirika.

Ila jina ambalo wifi yangu alivuka nalo mto, msiniulize. Hilo nimelisahau.