Tembo Waliosomeka Sifuri

Mwaka wa tatu tangu nihamishiwe Nyanungu, macho yangu yalikuwa yamechoka kuliko miguu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha bati kilimani, mbele ya skrini ya rada, nikiwatazama tembo wanaotoka hifadhini. Rada ile hutuma mawimbi mfululizo, haipumziki hata sekunde moja, na mimi niliionea wivu kwa kuwa haina mgongo wa kuuma. Kila kundi lilionekana kama nukta yenye namba mbili pembeni: umbali kutoka kibandani, na kasi; upande waliko haikuonyesha. Rada ya zamani ilionyesha kasi peke yake. Unajua kitu kinakuja, hujui kiko umbali gani. Hii mpya tuliiamini mno.

Bondeni, mita kama mia tisa kutoka kwetu, mama mmoja mjane alikuwa na shamba la wimbi, yaani ulezi. Lilikuwa limekomaa, zimebaki siku chache avune, na ndilo chakula chake cha mwaka mzima. Kila alasiri alipanda kilima kuniuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Wanakuja?"

Siku hiyo kulikuwa na msiba kijijini, na kule mtu hakosi mazishi ya jirani. Vijana wanaolinda mashamba kwa kupiga madebe walikuwa wamekwenda wote. Alibaki yeye, kanga kiunoni, ananisubiri mimi nimruhusu kwenda kuzika.

Nilitazama. Nukta moja, mita mia tisa, kasi sifuri. Dakika tano baadaye, vilevile.

"Wamesimama, mama. Nenda tu."

Akaenda. Nikaegemea ukuta, nikafumba macho kidogo, sitaki kudanganya. Nilipofumbua ilikuwa bado mia tisa, bado sifuri, na nikashukuru kwamba siku ilikuwa nyepesi.

Aliporudi kutoka makaburini, shamba lilikuwa limelala chini lote.

Tembo hawakuwa wamesimama. Walikuwa wakitembea bondeni kwa kukizunguka kilima chetu, umbali uleule kutoka kibandani, na rada ya namna ile hupima kasi ya anayekusogelea au anayekwenda zake. Anayepita ubavuni husomeka sifuri. Nilifundishwa hilo chuoni, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata. Naona aibu mpaka leo.

Nilimweleza yote, nikimwonyesha zile namba kwa kidole. Nilitamani anitukane, nipumue. Alisikiliza mpaka mwisho, kanga yake bado ina vumbi la makaburini.

"Kumbe mashine yako inamwona anayekuja kwako tu," akasema. "Anayekuja kwangu haimwoni."

Kisha akashuka kuokota masuke yaliyobaki. Nilimfuata na gunia. Tuliokota mpaka jua likazama, na gunia halikufika hata nusu.