Mtu wa Nyuma ya Boti

Kwenye boti ya kuvulia besi, samaki wa ziwani, kuna mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa mbele ndiye mwenye boti. Husimama juu ya jukwaa la mbele, mguu wake umekanyaga pedali ya mota ndogo ya umeme, akiipeleka boti anakotaka, na chambo chake ndicho cha kwanza kuangukia kila gogo na kila shada la majani. Wa nyuma hutupa pale ambapo mwenzake amekwisha kutupa. Anakula makombo. Hoyt Lemley alikula makombo kwa karibu miaka ishirini, na boti ilikuwa ya Randall, mtoto wa baba yake mkubwa.

Si kwamba hakujua kuvua. Kazi yake ilikuwa kuosha mitambo katika kiwanda cha kuku, na mkewe Darlene alipika chakula katika shule ya watoto wadogo. Mishahara ya namna hiyo haijawahi kununua boti ya mashindano, huku Alabama wala kwingineko. Mashindano ya Ziwa Cutler ni ya watu wawili wawili, samaki watano kwa boti, na mwenye boti huchagua mwenzake kama mtu anavyochagua mbwa wa kuwindia. Randall alimchagua Hoyt kwa sababu Hoyt hakuwa msemaji. Walipokamata samaki wakubwa gazeti la mji lilitoa picha, Randall ameshika samaki kila mkono, na pembeni unaona kiwiko cha mtu. Kiwiko hicho ni cha Hoyt.

Mwaka ule walifika fainali. Zawadi ya kwanza ilikuwa boti mpya, na jioni moja Randall alikuja nyumbani kwa Hoyt, akala kambare wa kukaanga mpaka akafungua mkanda, kisha akasema mbele ya Darlene:

"Sikiliza, bwana mdogo. Tukishinda, mpya yangu, hii kuukuu yako. Bure. Utasimama mbele mpaka miguu iote mizizi."

"Usinichezee, Randall."

"Nakuchezea nini? Darlene ni shahidi."

Darlene akasema, "Nimesikia. Na masikio yangu hayasahau."

Jumapili iliyofuata, watu waliporudi kutoka kanisani, Hoyt alikwenda kwenye banda la uani akatoa mashine mbovu ya kukatia majani, akatoa kitanda cha mtoto, akatoa magurudumu ya gari aliloliuza zamani, akafagia. Darlene alimtazama kwa dirisha akamwacha.

Siku ya fainali ilikuwa mwisho wa Septemba, na joto lilikuwa halijaondoka. Alfajiri boti zilijikusanya karibu na gati, taa zake nyekundu na za kijani zikipepesa juu ya maji, na Mzee Burl Cagle, msimamizi wa mashindano, akasimama na kipaza sauti chake kusoma kanuni. Kila mtu alizijua. Alizisoma hata hivyo.

"Injini kubwa ikinguruma, jaketi la kuokolea liwe mwilini, nalo limefungwa. Wote wawili. Kamba ya kuzima injini iwe imenaswa kwa dereva. Ukivunja hii, umetoka, sitaki hadithi. Samaki akifa, tunakata nusu ratili. Mkichelewa mizani saa tisa, ratili nzima kwa kila dakika."

Sauti moja ikatoka gizani: "Mzee Cagle, na mke akipiga simu tukiwa mwendo?"

"Mke akipiga simu vaa majaketi mawili."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Miaka michache nyuma kijana mmoja, Purvis Stegall, alirushwa kutoka kwenye boti yake karibu na daraja, kamba ambayo huzima injini dereva akianguka ikiwa inaning'inia tu kwenye usukani. Boti isiyo na mtu haiendi mbali. Huzunguka, na kila mzunguko humrudia aliyeanguka. Mzee Cagle ndiye aliyemtoa majini. Tangu hapo kanuni ile huisoma kama mtu anayesoma msiba.

Asubuhi samaki waliwakubali. Hadi saa nne walikuwa na watano, wa wastani. Kisha saa saba, kwenye kivuli cha gati la mtu, Randall alitupa mara tatu bila kitu, akasogeza boti mbele. Hoyt akatupa palepale, nyuma ya nguzo ileile, akauachia uzi uzame. Uzi ukaenda kando polepole, kama mtu anayeondoka mezani bila kuaga. Alipokaza, fimbo ilipinda mpaka kwenye mpini.

"Usimlazimishe," Randall alinong'ona, wavu mkononi. "Mwache achoke. Mwache, mwache... ndiye huyo."

Besi yule alikuwa na mdomo unaoweza kumeza ngumi. Randall alimwinua, akamtazama Hoyt, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuwa na mzaha.

"Boti yako hiyo, Hoyt. Umeishika kwa mdomo."

Walimtoa samaki mdogo wakamrudisha ziwani, wakamtia mkubwa kwenye tangi lililo ndani ya sakafu ya nyuma, ambamo pampu huzungusha maji ili samaki wafike mizani wakiwa hai. Wakaendelea kuvua mpaka muda wa kurudi ulipokaribia. Hapo ndipo Hoyt alipofungua kifuniko na kukuta maji yametulia. Pampu imekufa. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea mtoto, na yule mkubwa alikuwa amelala ubavu, tumbo jeupe.

Randall alitukana pampu, akamtukana aliyeitengeneza, akatazama saa. Kutoka pale hadi mizani ni mwendo wa robo saa kwa injini kubwa, na walikuwa na dakika ishirini. Wakisimama kumhudumia samaki, watachelewa. Wakienda bila kumhudumia, atakufa. Walimwaga barafu yote ya sanduku la vinywaji ndani ya tangi, lakini barafu peke yake haimpi samaki pumzi. Lazima mtu amshike wima, amsogeze mbele na nyuma ndani ya maji, maji yapite kwenye mashavu yake.

"Utamshika huku tunakwenda," Randall akasema. "Piga magoti hapo."

Hoyt akapiga magoti. Jaketi lake lilikuwa la zamani, nene, lenye mikanda mitatu kifuani, na kila alipoinama kutia mikono, kifua kilikwama kwenye ukingo wa tangi na vidole vikamgusa samaki mkia tu.

"Sifiki, Randall."

Randall aligeuka akiwa usukanini, injini tayari imeshawaka. "Basi vua hilo takataka, ufanye kazi."

Hoyt alivua jaketi. Akalikalia ili lisipeperuke, akaingiza mikono hadi mabegani, akamshika samaki. Boti ikainua pua, ikakimbia. Katikati ya ziwa walikata mawimbi ya boti nyingine, Hoyt akapaa, magoti yakaachana na sakafu, na kwa nukta moja hakushika kitu chochote duniani ila samaki. Kisha akashuka, ubavu ukagonga ukingo. Hakumwachia. Alianza kuhisi mashavu ya yule samaki yakifunguka na kufunga yenyewe kati ya viganja vyake, na akajikuta anacheka peke yake, uso umelowa.

Kabla ya daraja, ambapo watu husimama na darubini, Randall alipunguza mwendo. "Vaa," akasema. Hoyt akavaa. Hakuna aliyeona.

Samaki wote watano walifika hai. Walishinda kwa kiasi ambacho samaki mmoja mfu angekifuta. Watu walipiga makofi, mpiga picha akaja, na Randall akamvuta Hoyt mbele kwa bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Lakini washindi wa Ziwa Cutler hawakabidhiwi zawadi siku hiyo kabla mmoja wao hajapita kwenye mashine ya kupimia uongo. Ni desturi, kwa kuwa wapo watu waliowahi kuleta samaki waliofungiwa kwenye kizimba tangu juzi, na wengine kuwajaza vipande vya risasi tumboni ili wazidi uzito. Mzee Cagle alitia vipande viwili vya karatasi kwenye kofia. Kilichotoka kilikuwa na jina la Hoyt.

Randall alimpeleka kando, nyuma ya pikapu.

"Ni maswali ya samaki, bwana mdogo. Jibu hapana, hapana, hapana. Umemaliza."

"Na jaketi?"

"Jaketi gani?"

"Randall."

"Nakuuliza, jaketi gani? Mimi sikuona jaketi lolote likivuliwa. Wewe uliona?"

Hoyt akatazama viatu vyake. Viganja vilikuwa vinatoa jasho, na mashine haijaletwa hata karibu.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo cha duka la chambo, chenye harufu ya minyoo na kahawa iliyolala. Mpimaji, Bwana Stancil, alikuwa polisi mstaafu, mtu mpole. Alimfunga mkanda kifuani, akamvisha vidude vya vidole, akaketi.

"Kabla hatujaanza," akasema kama anavyowaambia wote, "kuna lolote la leo linalokusumbua? Afadhali ulitoe sasa. Mashine haijui kwa nini moyo unaruka. Inajua umeruka."

Hapo Hoyt akafanya hesabu ya mtu mwenye hofu. Moyo wake ulikuwa unaruka tayari. Akinyamaza, mashine itasema mwongo, na hapa mwongo maana yake ni mwizi wa samaki. Mwizi wa samaki hufungiwa mashindano maisha, na jina lake hutajwa kwenye kila gati. Tena Randall naye atachafuka. Jaketi ni kosa dogo kuliko wizi, akawaza. Nikilisema, moyo utatulia, na kwenye samaki tutapita.

Akasema. Akaeleza pampu, barafu, magoti, mawimbi. Akasema jaketi amelivua mwenyewe, hakumtaja Randall.

Bwana Stancil aliweka kalamu chini.

"Mimi huuliza maswali matatu," akasema. "Yote ya samaki. Kuna samaki wa kabla ya leo, kuna aliyevuliwa na mtu mwingine, kuna aliyetoka nje ya ziwa hili. Basi."

"Jaketi huulizi?"

"Sijawahi kuliuliza."

"Basi tuendelee," Hoyt akasema upesi. "Uliza hayo matatu."

"Ningependa, kaka. Lakini nimeshasikia."

Mzee Cagle alikuja, akasikia, akavua miwani akaifuta kwa shati. Alimpenda Hoyt. Alitoka nje akatangaza kwa sauti ileile ya alfajiri kwamba boti ya kina Lemley imetoka, jaketi, injini ikiwa mwendo. Watu wakageuka wote kumtazama Randall, na Randall akainua mikono.

"Mimi nilikuwa naendesha," akasema. "Macho yangu yako mbele. Mtu wa nyuma anafanya nini, nitajuaje?"

Hoyt alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. Angeweza kusema. Alimtazama Randall, na Randall alimtazama moja kwa moja bila kupepesa, kama mtu asiye na deni. Hoyt akajua kwamba akisema sasa ataonekana ni mtu anayemburuta mwenzake shimoni. Kule ndani alisema palipotakiwa kimya, na hapa akanyamaza palipotakiwa neno.

Boti mpya wakapewa wa pili, ndugu wawili wanaoitwa Tidmore. Mkubwa wao alikuja kumpa Hoyt mkono.

"Mungu akubariki, Hoyt. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza kanisani, mimi nipo. Tena nitakuja na boti."

Wenzake wakaangua kicheko.

Randall alimtolea fimbo zake na sanduku lake la chambo, akavipanga kwenye lami vizuri tu, bila hasira, akaondoka. Hoyt alirudi nyumbani na Mzee Cagle. Njia nzima mzee alitafuta la kusema, na walipofika kwenye kona ya nyumba akasema, "Umefanya la haki."

"Sikufanya la haki, mzee," Hoyt akamjibu. "Niliogopa."

Msimu uliofuata chama cha wavuvi kiliongeza swali la nne, la jaketi na kamba. Wavuvi wakaliita swali la Hoyt. Wakikaa wanakula karanga za kuchemsha, mmoja anamwambia mwenzake, "Jihadhari, leo utapigwa la Hoyt," nao wanacheka, hata vijana ambao hawajawahi kumwona. Randall alichukua mwenza mpya, kijana wa Stegall, mdogo wake yule Purvis aliyekufa. Watu walimsifu Randall kwa moyo mzuri. Wakafika fainali, wakashinda, na safari hii jina lililotoka kwenye kofia lilikuwa la Randall. Aliulizwa yote manne akajibu hapana. Akapita. Jumamosi iliyofuata alimpa kijana boti kuukuu, bure, kama alivyomwahidi.

Habari hiyo Hoyt aliipata kiwandani, kutoka kwa mtu wa zamu aliyedhani anamletea jambo la kumfurahisha, kwa kuwa ni ndugu yake. Hoyt alisikiliza hadi mwisho, akasema ni vizuri, kijana anastahili. Kisha akafungua mpira wa maji ya moto, akauelekeza kwenye mitambo, akaendelea kuosha manyoya na damu hadi king'ora kilipolia. Alikuwa amesahau kuvaa glavu, na mikono yake ilikuwa imebabuka. Darlene alipoiona jioni alimuuliza amefanya nini.

"Maji," akasema.